Fainali ya 1970: Mashabiki 121,696 na siku Carlton walipopindua meza Melbourne

Kwenye mpira wa Australia, ukiuliza mechi gani ni kubwa kuliko zote, jibu utakalolisikia mara nyingi ni lilelile: Carlton dhidi ya Collingwood, Jumamosi ya Septemba 26, 1970, uwanja wa Melbourne Cricket Ground.

Siku hiyo waliingia watu 121,696. Hakuna mechi nyingine ya mchezo huo iliyowahi kufikisha idadi hiyo, iwe kabla au baada. Na watu hao waliona timu iliyokwenda mapumziko ikiwa nyuma kwa pointi 44 ikiondoka na ubingwa.

Kama hujawahi kuuangalia mchezo huu hata mara moja, usihofu. Tunaanzia mwanzo kabisa: unachezwaje, nani alikuwa na deni na nani, nini kilitokea baada ya mapumziko, na kwa nini rekodi ya mashabiki wa siku ile ni ngumu sana kuvunjwa.

KWA HARAKA

- Mechi: Fainali Kuu ya ligi ya Victoria (VFL), ambayo leo ndiyo ligi ya taifa, AFL
- Uwanja: Melbourne Cricket Ground, maarufu kama MCG
- Mashabiki: 121,696
- Matokeo: Carlton pointi 111, Collingwood pointi 101
- Mapumziko: Collingwood 73, Carlton 29
- Makocha: Ron Barassi (Carlton), Bob Rose (Collingwood)

Kwanza, mchezo wenyewe ukoje?

Sahau soka unalolijua. Huku uwanja una umbo kama la yai, mkubwa kiasi kwamba MCG una urefu wa kama mita 160. Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani. Hakuna kuotea, na kipa hayupo.

Mpira nao ni wa umbo la yai. Unaruhusiwa kuupiga kwa mguu, kuudaka na kukimbia nao, ila ukikimbia nao ni lazima uudundishe chini kila baada ya hatua kadhaa. Kurusha kwa mkono ni marufuku. Ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono, unauweka mpira kwenye kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono mwingine. Hii tuiite pasi ya ngumi. Ikumbuke, maana huko mbele ndiyo itakayoleta balaa.

Kila upande una nguzo nne. Ukiupiga mpira kwa mguu ukapita katikati ya nguzo mbili ndefu, hilo ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi, unapata pointi 1 tu. Kwa hiyo timu inaweza kutawala mechi nzima, ikapiga mashuti kibao, halafu ikafungwa kwa sababu mashuti yake yanaishia pembeni.

Kitu kingine ni mdako. Mchezaji akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mbali kabla haujagusa chini, mchezo unasimama kidogo na anapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Ndiyo maana utawaona wakiruka juu, hata kupanda migongo ya wapinzani. Hiyo siyo faulo, ni burudani yenyewe.

Mechi ina robo nne. Mwaka 1970 kila robo ilikuwa dakika 25, ukiongeza na muda uliopotea. Benchi lilikuwa na watu wawili tu, mchezaji wa 19 na wa 20. Ukitolewa umetolewa, hakuna kurudi.

Majirani wasiopikika chungu kimoja

Carlton na Collingwood ni vitongoji vya Melbourne, vyote karibu kabisa na katikati ya jiji. Katikati yao kuna kitongoji kingine, Fitzroy. Ni mwendo ambao mtu anautembea kwa miguu bila kulalamika.

Klabu ya Carlton ilianzishwa mwaka 1864, jezi yao ni ya bluu iliyokolea. Collingwood walikuja mwaka 1892 na mistari yao myeusi na myeupe. Hawa walikua kama timu ya mtaa wa wafanyakazi wa viwandani, watu wa kipato cha chini waliokuwa wakiishi kwa ajili ya Jumamosi. Kufikia mwaka 1970 Collingwood walikuwa na makombe 13, na Carlton 9.

Yaani hawa ni watani wa jadi haswa. Na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyetaka kufungwa na mwenzake, achilia mbali kwenye fainali.

Kila benchi lilikuwa na deni

Tuanze na Collingwood. Mara ya mwisho walikuwa wametwaa ubingwa mwaka 1958. Baada ya hapo walifika fainali tatu na kupoteza zote: 1960, 1964 na 1966.

Kocha wao, Bob Rose, alikuwa mtoto wa nyumbani. Aliichezea Collingwood na kubeba nayo kombe mwaka 1953, na alikuwa mtu aliyeheshimika sana klabuni. Lakini kama kocha, bahati haikuwa yake. Fainali ya 1964 alipoteza kwa pointi 4 mbele ya Melbourne. Ile ya 1966 alipoteza kwa pointi 1 mbele ya St Kilda. Pointi moja! Shuti moja la pembeni.

Upande wa pili alikaa Ron Barassi. Huyu alikuwa mwiba wa Collingwood tangu akiwa mchezaji. Akiwa na klabu ya Melbourne alitwaa ubingwa mara sita, na mara nne kati ya hizo waliofungwa fainali ni Collingwood: 1955, 1956, 1960 na 1964. Ile ya 1964 ndiye aliyekuwa nahodha.

Miezi michache baadaye Barassi akafanya jambo lililoitikisa Melbourne nzima: akahama kwenda Carlton kuwa kocha na mchezaji. Carlton walikuwa hoi wakati huo, hawajaonja ubingwa tangu 1947. Kufika 1968 tayari alikuwa amewapa kombe, kwa kuwafunga Essendon pointi 3 tu. Mwaka uliofuata walirudi fainali, wakafungwa na Richmond.

Sasa 1970, Barassi alikuwa ameshatundika daluga. Kazi yake ilikuwa benchi tu. Na msimu ule Collingwood walikuwa wamemfunga mara tatu: mara mbili kwenye ligi na mara moja kwenye mechi ya hatua ya mwisho. Ikabidi Carlton wapitie njia ndefu, wakaifunga St Kilda ndipo wakarudi kukutana na Collingwood kwa mara ya nne.

Kwa kifupi, Collingwood walikuwa wa kwanza kwenye msimamo, walikuwa na rekodi ya 3-0 dhidi ya mpinzani wao, na walikuwa na kiu ya miaka 12. Kila dalili ilisema huu ni mwaka wao.

Nyomi: watu 121,696 walitokea wapi?

Melbourne ya wakati ule ilikuwa na wakazi karibu milioni 2.5. Gawanya mwenyewe: katika kila wakazi 20 wa jiji, kama mmoja hivi alikuwa uwanjani siku hiyo.

Sababu zilikuwa kama tatu.

Ya kwanza ni timu zenyewe. Majirani wawili wenye mashabiki wengi, fainali, mjini kwao. Hakuna aliyehitaji kusafiri mbali.

Ya pili ni televisheni. Fainali ilikuwa haionyeshwi mubashara Melbourne. Ilikuja kuonyeshwa hivyo kwa mara ya kwanza mwaka 1977. Mwaka 1970 ulikuwa na redio, au usubiri marudio kwenye televisheni, tena ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu televisheni ya rangi Australia ilianza mwaka 1975. Ukitaka kuona kwa macho yako mwenyewe, ni lazima uende.

Ya tatu ni uwanja wenyewe. MCG ya wakati huo ilikuwa na maeneo makubwa ya kusimama. Kwenye eneo la kusimama, watu wanabanana. Palipo na nafasi ya mmoja wanaingia wawili. Ukitoka kwenda msalani, usitarajie kulikuta eneo lako.

Na haikuwa ajali ya siku moja. Tazama mfululizo huu wa fainali:

- 1968: watu 116,828
- 1969: watu 119,165
- 1970: watu 121,696
- 1971: watu 118,192

Miaka minne mfululizo zaidi ya laki moja na elfu kumi na tano. Mwaka 1970 ndio ukawa kilele.

Ni kweli MCG umewahi kupokea watu wengi zaidi ya hapo, mwaka 1959, kwenye mkutano wa injili wa mhubiri wa Marekani Billy Graham. Walikadiriwa kupita 130,000. Lakini siku ile watu waliruhusiwa kukaa hadi kwenye nyasi za uwanja. Ukizungumzia michezo, 121,696 ndiyo namba ya juu kabisa katika historia ya uwanja huo.

Nusu ya kwanza: Collingwood wanatembeza kichapo

Mechi ilianza, na Carlton wakaonekana kama hawajashuka kwenye basi.

Robo ya kwanza Collingwood walipata pointi 32. Carlton? Pointi 3. Hawakufunga goli hata moja, mashuti matatu yote yaliishia pembeni.

Mtu aliyewatesa zaidi alikuwa Peter McKenna, mshambuliaji wa Collingwood. Msimu ule alifunga magoli 143, namba ambayo hata leo inatisha. Kwenye fainali hii alimaliza na magoli 6, na 5 kati ya hayo alishayatupia kabla ya mapumziko.

Lakini kwenye robo ya pili kikatokea kitu ambacho wengi hawakukipa uzito wakati ule. McKenna aligongana na mwenzake wa timu moja, Des Tuddenham. Pigo lilimfika kichwani. Alibaki uwanjani, ila hakuwa yule tena. Nusu ya pili yote alifunga goli moja tu.

Siku hizi mchezaji akipata pigo la kichwa la namna ile anatolewa kupimwa mara moja. Mwaka 1970 ulikuwa unajifuta vumbi na kuendelea.

Mdako ambao bado unazungumzwa

Ndani ya robo hiyohiyo ya pili, Carlton wakiwa wanachapwa, ilitokea picha ambayo imeishi kuliko matokeo yenyewe.

Alex Jesaulenko wa Carlton aliruka kutoka nyuma ya Graeme Jenkin, mtu mrefu wa Collingwood, akapanda mabegani mwake na kuudaka mpira akiwa angani kabisa. Mtangazaji wa televisheni, Mike Williamson, alilitaja jina lake kwa sauti na kuongeza maneno mawili ya kumsifia, ambayo kwa Kiswahili cha mtaani tungesema "wewe ni noma!" Sauti hiyo imerudiwa na Waaustralia kwa zaidi ya nusu karne.

Jesaulenko mwenyewe ana historia yake. Alizaliwa mwaka 1945 Salzburg, Austria, kwenye familia ya watu kutoka Ulaya Mashariki waliong'olewa kwao na vita. Walihamia Australia mwaka 1949. Utotoni alicheza soka na raga, mpira wa Australia alikuja kuujua baadaye. Msimu wa 1970 alifunga magoli 115, akawa mchezaji wa kwanza wa Carlton kufikisha 100 ndani ya msimu mmoja.

Leo tuzo ya mdako bora wa mwaka kwenye AFL inaitwa Medali ya Alex Jesaulenko. Na Jenkin, ambaye kosa lake lilikuwa kusimama tu mahali pale, jina lake limebaki kwenye historia kama mgongo uliopandwa.

Hata hivyo mdako huo haukubadilisha ubao. Mapumziko: Collingwood 73, Carlton 29.

Mapumziko: "Pasi ya ngumi, pasi ya ngumi"

Pointi 44 ni magoli saba na ushee. Hakuna timu iliyowahi kutoka nyuma kiasi hicho mapumziko ya fainali na kushinda. Mashabiki wa Collingwood walikuwa na haki ya kuanza kupanga sherehe.

Barassi alijulikana kwa ukali. Ungetegemea aingie chumbani na kuwasha moto. Badala yake aliwapa kazi moja inayoeleweka: tumieni pasi ya ngumi. Ukipata mpira, mpe mwenzako anayekimbia. Usisimame, usibutue tu mbele. Cheza haraka, hata kama ni hatari.

Ili uelewe kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa, kumbuka mpira wa wakati ule ulivyochezwa. Ukidaka, unarudi nyuma, unapima, unapiga mguu mrefu kwenda mbele, watu warefu wanagombania. Pasi ya ngumi ilikuwa ya dharura, ukishabanwa na huna pa kwenda. Barassi aliigeuza kuwa mpango wa kushambulia.

Pia alifanya badiliko moja. Alimtoa Bert Thornley na kumwingiza kijana mwembamba kutoka benchi, mchezaji wa 19, Ted Hopkins.

Robo ya tatu: mambo yakageuka

Hopkins hakuhitaji muda wa kupasha misuli. Dakika za mwanzo tu za robo ya tatu akafunga goli, kisha la pili. Carlton wakaanza kukimbia na mpira, ngumi, ngumi, mguu, goli. Collingwood waliozoea kusubiri mpira mrefu wakajikuta wanakimbiza vivuli.

Robo hiyo Carlton walipata magoli 8. Rudia kusoma: mashuti manane yenye pointi, yote magoli, hakuna hata moja lililoishia pembeni.

Collingwood hawakulala kabisa, walijibu kwa magoli 3. Mwisho wa robo ya tatu walikuwa bado mbele, 94 kwa 77. Lakini kila mtu ndani ya MCG alijua upepo unavuma upande gani.

Robo ya mwisho: ngoma ikawa nzito

Tofauti ya pointi 17 inazibwa kwa magoli matatu. Carlton wakaanza kuikata kidogo kidogo. Collingwood, kwa robo nzima ya mwisho, waliambulia goli 1 na pointi 1 ya pembeni. Miguu ilichoka, na labda kumbukumbu za 1964 na 1966 zilianza kuwasumbua vichwani.

Hopkins, kijana wa benchi, alimaliza siku na magoli 4.

Na aliyefunga hesabu alikuwa Jesaulenko. Aliupiga mpira kutoka mbali kuelekea lango lililokuwa wazi, ukadunda, ukadunda tena, ukajipitisha wenyewe katikati ya nguzo. Hapo ndipo hata shabiki mbishi wa Collingwood alipojua imekwisha.

Matokeo ya mwisho: Carlton 111, Collingwood 101.

Hivi ndivyo ubao ulivyosomeka mwisho wa kila robo:

- Robo ya 1: Collingwood 32, Carlton 3
- Robo ya 2: Collingwood 73, Carlton 29
- Robo ya 3: Collingwood 94, Carlton 77
- Robo ya 4: Carlton 111, Collingwood 101

Je, kweli pasi ya ngumi ndiyo iliyoshinda?

Simulizi linalopendwa ni hili: Barassi alisema "pasi ya ngumi", Carlton wakashinda, na mpira wa kisasa ukazaliwa siku hiyo. Ni simulizi tamu. Lakini ukikaa na namba, utaona kuna zaidi ya hapo.

Collingwood walimaliza na magoli 14 na mashuti 17 ya pembeni. Jumla, mara 31 za kupata pointi. Carlton walipata magoli 17 na 9 ya pembeni. Jumla, mara 26.

Umeona? Waliofungwa ndio waliopata nafasi nyingi zaidi.

Nenda nusu ya kwanza peke yake. Collingwood walikuwa na magoli 10 na mashuti 13 ya pembeni. Kama matatu tu kati ya yale 13 yangekuwa magoli, wangeongeza pointi 15, na mechi hii tusingekuwa tunaiandika leo. Walimwangusha mpinzani chini, wakasahau kummaliza.

Ongeza pigo la kichwa la McKenna, mfungaji tegemeo wa Collingwood akiwa nusu mtu kwa dakika zaidi ya 50. Ongeza Hopkins, ambaye Collingwood hawakuwa wamempangia mtu wa kumkaba.

Na pasi ya ngumi yenyewe haikuvumbuliwa siku hiyo. Miaka ya 1960 Graham "Polly" Farmer, mchezaji mwenye asili ya wenyeji wa Australia, alikuwa tayari ameigeuza kuwa silaha akiwa Geelong.

Kilichofanyika 1970 ni kwamba wazo hilo lilijaribiwa mbele ya watu 121,696, kwenye mechi kubwa kuliko zote, timu ikiwa haina cha kupoteza, na likafanya kazi. Baada ya hapo hakuna kocha aliyeweza kusema ni mchezo wa kitoto. Ukiangalia AFL leo, timu zinapokimbia na kupeana mpira kwa ngumi mara mia na zaidi kwa mechi, unaona njia ambayo Carlton waliipita mchana ule.

Baada ya hapo nini kilitokea?

*Bob Rose* alikaa msimu mmoja zaidi kisha akaondoka. Fainali tatu alizopoteza akiwa kocha wa Collingwood, yaani 1964, 1966 na 1970, ukijumlisha tofauti zote unapata pointi 15. Pointi 4, 1 na 10. Magoli mawili na nusu ndiyo yaliyomtenganisha na makombe matatu.

*Collingwood* waliendelea kuteseka. Walipoteza tena fainali za 1977, 1979, 1980 na 1981. Ile ya 1977 walitoka sare, wakafungwa kwenye marudio na North Melbourne, ambao kocha wao alikuwa, kisia nani, Ron Barassi. Ile ya 1979 walifungwa na Carlton kwa pointi 5, nahodha na kocha akiwa Jesaulenko. Ugonjwa huo ukapewa jina kabisa, "Colliwobbles", utani uliochanganya jina la klabu na neno la Kiingereza la kuchafukwa tumbo kwa woga. Ulikuja kupona mwaka 1990 walipotwaa ubingwa, miaka 32 baada ya ule wa 1958.

*Ted Hopkins* ndiye mwenye hadithi ya ajabu zaidi. Baada ya siku yake ya dhahabu aliichezea Carlton mechi moja tu zaidi, akaachana na mpira. Jumla ya mechi zake ni 29. Lakini miaka ya 1990 alirudi kwa mlango mwingine: alikuwa mwanzilishi wa Champion Data, kampuni inayohesabu takwimu za AFL. Kijana aliyebadilisha mechi kwa mashuti manne akawa mmoja wa watu walioufundisha mchezo huo kujihesabu.

*Ron Barassi* aliongeza makombe mawili akiwa na North Melbourne, 1975 na 1977. Alifariki Septemba 2023, na ibada ya kumkumbuka ilifanyika hapohapo MCG. Nje ya uwanja kuna sanamu yake.

Kwa nini rekodi hii haielekei kuvunjwa

Jibu fupi: watu hawaenei.

MCG ya leo siyo ile ya 1970. Jukwaa la kusini lilivunjwa na kujengwa upya, likafunguliwa mwaka 1992. Upande wa kaskazini ulijengwa upya kabla ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006. Sehemu kubwa ya maeneo ya kusimama imekuwa viti. Sasa uwanja unachukua watu 100,024, na fainali za 2022 na 2023 zilijaza idadi hiyohiyo bila kupungua hata mmoja.

Kwa hiyo hata fainali ikiwa ya moto kiasi gani, kuna watu zaidi ya 21,000 ambao hawana pa kuingia. Ili rekodi ivunjwe, ni lazima ujengwe uwanja mwingine mkubwa zaidi, au turudi kwenye kubanana kama zamani. Cha pili hakitarudi, na kwa usalama wa watu ni heri kisirudi.

Miaka 50 kamili baada ya mechi ile, mwaka 2020, janga la korona liliiondoa fainali nje ya jimbo la Victoria kwa mara ya kwanza. Ilichezwa Brisbane, mbele ya watu 29,707. Hiyo haifiki hata robo ya waliokuwepo mwaka 1970.

Na upande wa makombe, ile tofauti ya 13 kwa 9 haipo tena. Collingwood walipotwaa ubingwa wa 2023, walifikisha makombe 16. Carlton nao wana 16. Majirani wale wawili, baada ya miaka yote hiyo, wako sawasawa.